Mwendo wa Kundi Uwe wa Aliye Nyuma
Njia ya baiskeli ya Whole Enchilada, katika jimbo la Utah, Marekani, huanzia Burro Pass, yapata mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi jangwa la Moab, kwenye mita 1,200 hivi. Juu ni baridi na misitu. Chini ni miamba mitupu, jua kali na maji ya shida. Kundi linaloteremka huko lifuate mwendo wa aliye nyuma kabisa. Wapo watakaosema raha yenyewe ni kasi. Sawa, watangulie, ila wasubiri kila njia panda. Aliyepata pancha akaachwa peke yake, bila tone la maji chupani, atawalazimu wote kurudi kumtafuta. Hapo kasi yao itakuwa imewafaa nini?