Twende Tukamdhamini

Ndugu zangu wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, kijana wa bodaboda akiwekwa ndani Ijumaa jioni, watu wanamhesabia kutoka Jumatatu. Sheria haisemi hivyo. Mpelelezi kaenda Inyonga, mkuu wa kituo katoka, na nyumbani kila mtu anamtegea mwenzake. Mama analeta ugali kwenye hotpoti, anaukabidhi kaunta, anaondoka bila kuuliza mwanawe anatuhumiwa nini. Anaogopa.

Naombeni tuulize. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mtu akikamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, na ikaonekana hatafikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo analichunguza shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Akibakizwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Na dhamana ya polisi hailipiwi, hata iitwe hela ya mafuta ya gari.

Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya nao wanaweza kuamuru mtu akae ndani hadi saa 48, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Lakini ni pale mtu anapotenda kosa la jinai, au amani inapotaka kuvunjika na hakuna njia nyingine ya kuzuia. Mfugaji aliyembishia kiongozi mkutanoni kuhusu mpaka wa malisho hajavunja amani, kabisha tu.

Mtasema wengine ni wezi kweli, na aliyeibiwa ng'ombe hana subira. Namwelewa. Ila mwaka 1991, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichowafungia dhamana washtakiwa wa aina fulani, kwa kuwa kilimnyima mtu uhuru bila kuweka utaratibu wa haki wa kufanya hivyo. Dhamana haifuti kesi. Inamrudisha mtu shambani aisubiri huko. Kesi za mauaji hazina dhamana. Kwa hizo watafuteni wasaidizi wa kisheria.

Kinachotukwamisha zaidi ni wadhamini. Mtu wa Karema au Mishamo akikamatwa mjini, ndugu zake wako mbali na hana anayemjua. Kila kijiwe cha bodaboda, kila kikundi cha vikoba, msikiti na parokia, teueni mapema watu wawili watatu wenye kitambulisho cha NIDA, ambao mtendaji wa mtaa hatasita kuwaandikia barua. Msimdhamini msiyemfahamu, maana akitoroka mtabanwa ninyi. Wapigieni kwanza nyumbani kwao, mjue ni mtu wa namna gani.

Mkifika kaunta salimieni kwa heshima. Ulizeni tuhuma, saa aliyokamatwa na masharti ya dhamana, muandike majibu pamoja na jina la askari wa zamu. Na habari ikiwafikia usiku, nendeni usiku huohuo.