Usisikize Eksozi, Inua Kapeti

Juzi usiku kijana mmoja wa Hola aliniandikia DM. Amepata Subaru Forester XT, turbo, nyeusi, mwenye gari anataka laki tano na nusu lakini "tunaweza kuongea". Akanitumia video ya sekunde ishirini. Kwenye hiyo video hakuna injini, hakuna chini ya gari, hata dashibodi haionekani. Ni eksozi tu inapasua, pa pa pa, na watu nyuma wanashangilia. Halafu swali: "Bro, ninunue?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja. Kwa hivyo leo naandika mara moja, na ukinitumia eksozi tena nitakutumia hii.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa Tana River tunakagua gari kwa masikio. Na huku kwetu kitu kinachoua gari za mbio hakisikiki. Ni maji.

Najua kwa sababu nililipa kujua. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa shida na pia, tuseme ukweli, moyo haukuwa huko. Nikaanza kupiga video za harusi na matangazo ya maduka, pesa ikaanza kuingia kidogo kidogo. Mwisho wa 2024 nilikuwa na akiba yangu, binamu yangu akaongeza pesa ya tikiti maji zake, na mamangu akatoa elfu arobaini ya chama. Tukanunua Forester XT kwa laki nne na themanini kutoka kwa jamaa mmoja huko Mombasa. Ilikuwa inang'aa. Ndani inanukia marashi kama duka la udi. Mimi nikaona ni mtu msafi. Sikujiuliza mwanaume anayeuza gari kwa shida ya pesa anapata wapi muda wa kupulizia viti marashi.

Tukatoka Malindi tukavuka Sabaki, Gongoni tukapita vizuri, Marereni tukasimama kunywa soda na kupigwa picha. Tukikaribia Minjila, taa zote za dashibodi zikawaka pamoja kama Krismasi. Injini ikazima. Garsen ilikuwa hapo mbele tu, na tuliingia tukivutwa na lori kwa kamba, watu wa stendi wanatuangalia.

Fundi aliyekuja hakufungua boneti kwanza. Alifungua mlango wa abiria wa mbele, akainua kapeti pale unapoweka miguu, akapitisha kidole na kutuonyesha. Tope lililokauka, laini kama unga. Akasema maneno mawili: "Hii imeoga."

Sasa sikiza vizuri hapa kwa sababu wauzaji hawatakwambia. Kwenye hizi Forester za miaka ya 2002 hadi 2007, na Impreza za wakati huo pia, kompyuta ya injini haikai juu. Inakaa chini ya kapeti, miguuni kwa abiria wa mbele. Maana yake gari haihitaji kuzama mpaka kioo. Maji yakiingia ndani kidogo tu, yanafika kwenye ubongo. Na ubongo haufi siku hiyo. Plagi za nyaya zinaanza kuota kutu ya kijani polepole, gari inatembea wiki, miezi, halafu siku moja inakuzimia porini. Mwenye gari wa kwanza ashaiuza, wa pili ashaiuza, wewe ndiye unabaki nayo.

Jiulize hizo gari zinatoka wapi. Novemba 2023 mvua za El Niño zilizamisha mitaa ya Mombasa. Aprili na Mei 2024 ikawa zamu ya Nairobi, na sote tuliona picha za gari zimejaa maji mpaka dirishani. Hizo gari hazikutupwa zote. Kuna zilizoanikwa, zikaoshwa, zikabadilishwa viti, zikauzwa mbali na pale zilipozama. Mtu wa Nairobi angeuliza maswali. Mtu wa Garsen anafurahi tu kwamba amepata XT kwa bei poa.

Na tusijifanye ni watu wa mbali tu wanaotuletea. Hapa kwetu barabara ya Lamu ilikatika Gamba na Lango la Simba mafuriko ya 2023, ikakatika tena 2024, na kila mara kuna dereva anayeona lori limepita akasema hata mimi nitapita. Tana hauhitaji mvua ya Garsen kujaa. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, Masinga ikajaa ikafurika, siku chache baadaye maji ni yetu huku chini, jua likiwaka. Kwa hivyo "hii gari ni ya hapa hapa, naijua" si jibu. Iko hapa hapa alafu? Imepita wapi?

Ukienda kuona gari, anza na maji kabla ya kitu kingine chochote. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Watu huosha ile sehemu inayoonekana, lakini ile iliyojikunja ndani inabaki na mstari wa tope. Angalia bolti zinazoshika viti chini, gari iliyoishi pakavu haina sababu ya kuwa na kutu hapo. Fungua buti, toa tairi ya spea, ingiza mkono kwenye kile kishimo. Angalia taa za mbele kama kuna vumbi la tope au mvuke ndani ya kioo. Inua kapeti la abiria. Mwenye gari akikwambia "usiinue, gundi itatoka", mshukuru kwa muda wake, uende zako. Na harufu: funga vioo vyote, gari ikae juani nusu saa, halafu ingia unuse. Marashi yanaweza kuficha asubuhi. Saa saba mchana ya Garsen hayawezi.

Kuna pia maji yaliyoingia kwenye injini yenyewe. Injini inafanya kazi kwa kubana hewa. Maji hayabaniki. Ikivuta maji ikiwa inazunguka, kitu fulani ndani lazima kipinde. Mwingine ananyoosha mambo kidogo, inawaka, anauza. Hapo ndipo unahitaji fundi apime kompresheni ya kila silinda, zote nne, na namba zikaribiane. Kipimo hiki hakichukui siku nzima, na muuzaji asiye na cha kuficha hawezi kukikataa.

Sawa, maji tumemaliza. Mengine nitapita haraka haraka.

Ukifika, gusa boneti kabla hujamsalimia mtu. Natania, msalimie, lakini gusa. Ikiwa ina moto, kuna mtu ameiwasha kabla hujaja, na injini yenye moto inaficha kelele nyingi. Sema utarudi kesho na uikute baridi. Ikiwaka baridi, simama nyuma uangalie moshi. Moshi wa bluu ni oili inachomwa, na kwa gari ya turbo inaweza kuwa turbo imechoka ama ringi za pistoni zimekwisha. Sauti ya kugonga kama mtu anapiga mlango kutoka ndani, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, usijadili bei. Hizi injini zinaumia sana zikikosa oili, na vijana wengi wanaozipiga mbio hawavuti hata ile stiki ya kupima.

Mkanda wa taiming ndio ule ambao kila mtu anasema "ulibadilishwa juzi". Fundi wengi wanaubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika kwenye hizi injini za turbo, valvu zinagongana na pistoni na umerudi sifuri. Sasa fikiria kidogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane. Forester ya 2005 basi iliingia hapa kufikia 2013, na ndiyo maana nyingi zina namba inayoanza na KB. Imekuwa kwenye barabara zetu zaidi ya miaka kumi. Halafu mtu anakuonyesha mileji 92,000. Kwani ilikuwa inalala tu? Mileji inarudishwa nyuma kwa laptopu na kijana wa umri wangu. Angalia kanyagio la breki, usukani, kiti cha dereva. Vile vitu havijui kudanganya. Kama hakuna risiti ya mkanda, hesabu bei ya mkanda mpya kwenye bei ya gari, siku hiyo hiyo.

Tairi nne ziwe saizi moja na zimeisha sawasawa. Subaru inasukuma magurudumu yote manne, na ukiweka tairi mbili mpya na mbili kipara unaua difu ya katikati. Kata kona mpaka mwisho mahali pa wazi, endesha polepole. Ikijivuta kama imeshikwa breki, difu ishaanza kufa.

Na ile eksozi inayopasua? Nyingi zimetolewa kichujio cha ndani na kompyuta ikachezewa. Wewe unasikia rali. Fundi anasikia mtu aliyekuwa akiipiga kila Ijumaa.

Karatasi usiangalie ile uliyoonyeshwa pekee. Fanya search kwenye mfumo wa NTSA mwenyewe, kwa simu yako, kwa pesa yako. Utaona jina la mwenye gari, na utaona kama kuna benki au kampuni ya mikopo imeishika logibuku. Namba ya chesisi kwenye bodi na ya injini zilingane na zilizoandikwa. "Logibuku iko kwa shangazi Nairobi" ni hadithi ya watoto.

Najua watu watasema naogopesha vijana. Watasema Subaru ilishinda Safari Rally 1997 na 2000, hii ni gari ya Afrika. Ni kweli ilishinda, na mimi bado naipenda, sijaponya huo ugonjwa. Lakini Colin McRae 1997 alikuwa na mafundi wanaomsubiri na lori za spea. Wewe spea yako itatoka Mombasa kwa basi, ukiomba barabara isikatike. Garsen tuna mafundi wazuri wa Probox na boda. Wa turbo ni wa kutafutwa. Kwa hivyo kabla ya kununua hii gari huku, weka pembeni pesa ya kumlipa fundi wa Malindi au Mombasa nauli, chakula na siku yake, aende nawe. Sisi hatukutaka kumlipa fundi elfu tano. Tukanunua kompyuta mbili za mkono wa pili, zote zikakataa, mwishowe gari tuliiuza kwa spea, laki moja na sabini.

Binamu yangu alininunia miezi mitatu. Mamangu hajawahi kuniuliza elfu arobaini yake hata siku moja, na ningependelea angeniuliza. Namrudishia elfu mbili mbili kila nikilipwa video, anaipokea kimya, anaiweka kwenye kopo.

Yule kijana wa Hola nimemjibu. Nimemwambia asinitumie sauti tena, avute mkanda wa kiti cha abiria mpaka mwisho, ainue kapeti, anipigie picha mbili. Amesema mwenye gari ana haraka, kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa taslimu. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo.