Mtoto wa Likoni ana haja na oganeli

Mwandishi aliyedai kwamba mtoto wa Likoni au Kisauni hana haja ya kujua oganeli, yaani sehemu ndogo ndogo za ndani ya seli, eti ni majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ametukosea. Kukariri ni kosa la ufundishaji, si la somo.

Nianze na klorokwini, dawa ya malaria. Wazazi wetu huku Likoni, ng'ambo hii ya feri, wanaikumbuka kwa uchungu wake na mwasho wake. Kimelea cha malaria kikishaingia katika seli nyekundu ya damu humeza himoglobini na kuimeng'enya ndani ya vakuoli, oganeli iliyo kama kijifuko chenye utando wake. Masalio yake, hemu, ni sumu kwa kimelea chenyewe, kwa hiyo kimelea huigandisha hemu hiyo iwe fuwele. Klorokwini ilizuia kuganda huko. Kisha vikaenea vimelea ambavyo protini moja ya utando wa vakuoli imebadilika, ikawa inaitoa dawa nje. Mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria. Utando wa oganeli moja uligeuza sera ya nchi nzima! Na doksisaiklini, wanayomeza wasafiri kujikinga, hulenga apikoplasti, oganeli ya kimelea yenye asili ya mwani. Sisi binadamu hatuna oganeli hiyo.

Mwandishi huyo anasema afadhali watoto wafundishwe ufundi wa bandarini. Wafundishwe vyote viwili. Fundi wa Changamwe naye hushikwa na homa, na mwanawe ana haki ya kuelewa kwa nini dawa aliyotumia babu yake haiandikwi tena.