Bakuli Lako, Kipimo Chako

Bwaloni, askari hushika sahani yake akangojea upawa wa mpishi. Upawa ndio uamuao: leo maharage, kesho nyama, na kiasi ni kile kile kwa mrefu na kwa mfupi. Nyumbani nako, aghalabu mama ndiye apakuaye, na kila mtoto hupata fungu lake. Lakini iko aina ya mkahawa ambamo mlaji hukabidhiwa bakuli tupu, akaoneshwa meza ndefu ya vyakula vibichi, akaambiwa ajipakulie mwenyewe. Mpishi humngojea mwisho wa meza, mbele ya bamba la chuma lenye moto mkali, naye hukaanga kile tu alicholetewa. Chakula kikizidi chumvi, mpishi hana lawama. Kikiwa kingi kisichomalizika, hana lawama vilevile.

Mikahawa hiyo hujulikana kuwa ni ya "nyama choma ya Kimongolia". Ilianzia katika mji wa Taipei, kisiwani Taiwan, na leo imeenea katika miji mingi ya Marekani na kwingineko. Hata hivyo jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, nyama yenyewe haichomwi juu ya makaa, bali hukaangwa juu ya chuma. Pili, haikutoka Mongolia.

Ukutani mwa mikahawa mingi ya namna hii huwapo picha za wapanda farasi, na pamoja nazo hadithi tamu. Husimuliwa kwamba askari wa Genghis Khan, aliyefariki mwaka 1227, walikuwa wakipiga kambi jioni, wakapindua ngao zao juu ya moto, wakakata nyama kwa panga zao na kuikaanga humo. Kwa mtu aliyewahi kulala kambini, hadithi hiyo huvutia mno. Lakini askari ndiye mtu wa kwanza apaswaye kuihoji, kwa kuwa yeye ajua thamani ya silaha. Ni nani atakayeitia ngao yake motoni usiku, ilhali kesho yake ataihitaji vitani?

Ushahidi wa zamani nao waikanusha. Giovanni da Pian del Carpine, mjumbe wa Papa aliyesafiri hadi kwa Wamongolia kati ya mwaka 1245 na 1247, aliandika habari za silaha zao, akasema ngao zao zilisukwa kwa fito. Ngao ya fito haikaangi nyama. Yenyewe ndiyo itakayoungua.

Chakula cha Wamongolia wa kweli ni kingine kabisa. Hao ni wafugaji wa farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi katika nchi ya nyika, baridi kali na miti michache. Nyama yao kwa kawaida huchemshwa. Wakati wa baridi huikata vipande virefu na kuianika mpaka ikauke kabisa, nayo huitwa borts. Kipande kidogo chake kikitiwa katika maji ya moto hutoa mchuzi wa kumshibisha msafiri. Siku za sherehe hupika khorkhog: mawe hutiwa motoni mpaka yawe mekundu, kisha hupangwa pamoja na nyama ya kondoo ndani ya chombo cha bati chenye kifuniko, nyama ikaiva kwa joto la mawe hayo. Chakula kikiisha kuiva, mawe yenye mafuta hupitishwa mkono kwa mkono yangali na moto, kwani huaminiwa kuwa huleta afya. Hakuna hapo bamba la chuma, wala tambi, wala mchuzi wa soya.

Basi chakula hiki kilitoka wapi? Kwa hakika askari wamo katika asili yake, lakini si wale wa Genghis Khan. Mwaka 1949 vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China vilimalizika kwa ushindi wa Wakomunisti, na serikali ya Chama cha Kitaifa ikakimbilia Taiwan. Pamoja nayo walivuka bahari watu zaidi ya milioni 1: wanajeshi, polisi, watumishi wa serikali na jamaa zao. Wengi walidhani watarudi kwao baada ya muda mfupi. Wengi hawakurudi kamwe.

Miongoni mwa waliofika huko alikuwapo kijana wa Beijing aitwaye Wu Zhaonan, aliyezaliwa mwaka 1926. Baadaye alikuja kupata sifa kubwa kwa sanaa ya uchekeshaji wa Kichina ambayo hutegemea mazungumzo, lakini mwanzoni ilimpasa kuganga njaa. Mwaka 1951 alifungua kibanda cha chakula mjini Taipei. Alichokiuza kilitokana na kumbukumbu ya kwao. Beijing ilikuwa na mikahawa mashuhuri ya nyama, mikubwa kati yake ikiwa ya Waislamu wa Kichina, ambako kondoo na ng'ombe hukatwa vipande vyembamba sana, vikaivishwa juu ya vyuma vilivyopangwa juu ya moto. Wu aliuchukua mtindo huo, akauchanganya na ule wa kukaanga juu ya bamba la chuma uliokuwa ukipendwa na Wajapani, ambao walikitawala kisiwa hicho toka mwaka 1895 hata 1945.

Ilibaki kukipa chakula hicho jina. La haki lingekuwa "nyama ya Beijing". Lakini Beijing ilikuwa imekwisha kuwa makao makuu ya adui, na Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi, iliyoanza mwaka 1949 na kuondolewa mwaka 1987. Kulitangaza jina la mji huo juu ya mlango wa biashara kungeweza kumletea mtu balaa. Wu alichagua jina la mbali lisilomtia mashakani: Mongolia. Hivyo mtu aliyepoteza mji wake alipika chakula cha kwao bila kuthubutu kukitaja kwa jina lake. Alifariki mwaka 2018 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 92, na kwa wakati huo jina alilolichagua kwa hofu lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia.

Huko Marekani chakula hiki kilipata wapenzi wengi. Mwaka 1992 mkahawa wa kwanza wa kampuni iliyoitwa wakati huo bd's Mongolian Barbeque ulifunguliwa huko Royal Oak, katika jimbo la Michigan. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilifungua tawi mjini Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Kwa njia hiyo Wamongolia walipelekewa "chakula chao" na wageni, nao wakakionja kwa mara ya kwanza.

Mlaji aingiapo katika mkahawa wa namna hii huikuta nyama ya ng'ombe, kondoo, kuku na mara nyingi nguruwe, imekatwa nyembamba kama karatasi na kuganda kwa baridi. Hufuatia kabichi, karoti, vitunguu, uyoga, pilipili hoho, chipukizi za choroko, giligilani na tambi. Mwisho huwapo vyombo vya viungo vya majimaji: mchuzi wa soya, maji ya tangawizi, maji ya vitunguu saumu, mafuta ya ufuta, mafuta ya pilipili na maji ya sukari. Mpishi humwaga vyote juu ya bamba, akavizungusha kwa vijiti virefu, na kwa dakika chache tu huwa vimeiva. Huko Taipei aghalabu huletwa pia mikate bapa yenye ufuta, ambayo hupasuliwa na kujazwa nyama hiyo.

Katika mikahawa mingi mlaji hulipa mara moja akala apendavyo. Hapo ndipo tabia ya mtu huonekana. Yuko ashindiliaye bakuli mpaka likawa kichuguu, nyama zikidondoka njiani. Yuko achotaye kijiko kimoja cha kila kiungo kwa kuogopa kupunjwa, na matokeo yake ni mchuzi usio na ladha ya chochote. Yuko pia atiaye soya vijiko vitano akafuatisha chumvi, asijue kwamba soya yenyewe ni chumvi tupu. Wote watatu hurudi mezani na chakula kisicholika, kisha humtazama mpishi kwa jicho baya.

Mama mwenye busara humwonya mtoto wake angali katika foleni.

"Mwanangu, hilo bakuli ni la nani?"

"Langu, mama."

"Na tumbo je?"

"Langu pia."

"Basi vipimane hivyo viwili kwanza. Ukimaliza na njaa ikabaki, tutarudi."

Maneno hayo yana sababu za upishi pia, si za adabu pekee. Chakula kingi kikimwagwa kwa wakati mmoja, hukipoza chuma. Chuma kikipoa, nyama na mboga hutoa maji, na badala ya kukaangika vikachemka. Bakuli dogo huiva vizuri kuliko bakuli lililofurika. Kwa hiyo yafaa mlaji aanze na nyama kiasi cha konzi moja, aongeze mboga mara mbili ya hiyo, tambi kidogo kwa kuwa hunyonya mchuzi, kisha achague viungo vitatu au vinne vinavyopatana. Soya, tangawizi, vitunguu saumu na matone machache ya mafuta ya ufuta vyatosha kwa mara ya kwanza. Pilipili iongezwe baada ya kuonja, kwani ikishaingia haitoki.

Liko na jambo la usafi. Bakuli lililobeba nyama mbichi lisipokee chakula kilichoiva. Mkahawa mwema hutoa bakuli lingine safi. Koleo la kuku lisihamishiwe kwenye mboga. Nyama ya kuku isiliwe ikiwa bado ina wekundu ndani, na mlaji ana haki ya kuirudisha ikaangwe tena bila haya yoyote.

La kukumbukwa zaidi ni kwamba bamba la chuma ni moja kwa wote. Nguruwe wa mtu huyu na kondoo wa mtu yule huweza kukaangwa ubavu kwa ubavu, mafuta yakakutana. Hali kadhalika kamba wa baharini au karanga za mlaji mmoja zaweza kumdhuru mwingine ambaye mwili wake hauvikubali. Mwislamu, na kila mwenye mwiko wa dini au wa afya, hana budi kuuliza kabla ya kupakua: nyama imechinjwa vipi, na je, atapikiwa katika kikaango cha peke yake? Mikahawa mingi hukubali ombi la kikaango cha peke yake. Asiyeuliza asidhani kwamba wengine watamjua kwa kumtazama uso.

Jamaa waweza kuujaribu mtindo huu nyumbani kwa gharama ndogo. Nyama iwekwe penye barafu mpaka ikaze kidogo, kisha ikatwe vipande vyembamba kwa kisu kikali, kwa kukatisha nyuzi zake. Nyama hata ile ngumu hulainika ikikatwa hivyo. Mboga zikatwe ndogondogo na kupangwa katika sahani mbalimbali. Kila mtoto apewe kibakuli chake achague, na mama au baba akaange kibakuli kimoja kimoja katika kikaango kizito kilichopata moto sana. Mtoto akataaye kabichi siku zote huenda akaila siku hiyo, kwa kuwa ameichagua mwenyewe. Akijaza kupita kiasi, na apewe nafasi ya kuyaona matokeo yake mezani, kabla hajakua na kuyaona katika mambo makubwa zaidi.

Askari azoeaye upawa wa bwaloni huweza kuona kwamba kujipakulia ni raha tupu. Ni raha, ndiyo, lakini kazi ya upawa haikuondoka. Imehamia mkononi mwake. Wu Zhaonan hakuwa na meza ndefu ya kuchagulia. Alikuwa na kumbukumbu ya mji aliouacha, chuma cha kukaangia, na jina la kuazima. Kwa hayo machache alipika chakula ambacho watu wangali wakikipangia foleni. Aliye na meza iliyojaa mbele yake, na ajue kupima.