RELI IFIKE UWANJA WA NDEGE



Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Wengi walioutengeneza ni watu wetu waliokuwa kifungoni siku za Hali ya Hatari. Leo wenzetu wafanyao kazi Saudia na Qatar, wakirudi likizo, hushuka papo hapo. Kutoka hapo hadi mjini Nairobi ni kama kilomita 18. Je, wafikeje?

Mwenye motokaa hupita barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, hulipa ushuru wake, akafika upesi. Mwenzetu mwenye mizigo hungoja matatu namba 34. Ikiwa ni usiku hana budi kupanda teksi, na fedha alizowawekea watoto huanza kupungua kabla hajaiona nyumba yake.

Sisi watu wa reli twajua kwamba stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012, si mbali na uwanja huo. Lakini gari la moshi halifiki mlangoni pa abiria.

Wengine watasema reli ni ghali. Twajibu: barabara nayo ilikuwa ghali, ikajengwa. Hatuichukii barabara, twasema mwenye nauli ndogo naye ahesabiwe. Tena wafagiaji na wapakuzi wa mizigo pale uwanjani walihitaji gari hilo kila siku, si wakati wa likizo tu.

Basi kila tawi lilitie jambo hili katika madai yake. Tukinyamaza, wakubwa watadhani tumeridhika.