Dhamana, Kifua Kikuu na Majirani wa Gereza

Ukija Morogoro kwa basi kutoka Dar es Salaam, unapita Kingolwira kabla ya kuingia mjini, safu ya Uluguru ikiwa mkono wako wa kushoto. Wafungwa waliovaa nguo za rangi ya chungwa wakielekea shambani na majembe, askari akiwafuata nyuma, si kioja kwa watu wa huku. Gereza ni jirani yao tangu miaka ya 1930, Waingereza walipoanzisha hapa kambi ya kilimo ya wafungwa isiyozungukwa na kuta ndefu, jaribio ambalo lilizungumzwa sana katika makoloni yao. Leo Kingolwira ina gereza la wanaume na gereza kuu la wanawake, na ukiyaongeza ya Wami, Mkono wa Mara na Mtego wa Simba, utaona kwa nini mkoa huu una uzoefu wa kuishi na magereza kuliko mikoa mingi.

Naianzia dhamana huku kwa sababu mjadala wake umeachwa mikononi mwa mawakili na wanasiasa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba yake tu, 148(5), inaiambia mahakama isimpe dhamana mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini, ugaidi, mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na makosa mengine ya aina hiyo. Hakimu haulizwi kama mshtakiwa anaweza kutoroka, wala haulizwi kama ushahidi upo. Jina la kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka linatosha. Mei 2020, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Mawakili walilibishania suala hilo kwa hoja za haki na usalama. Mimi naona kuna hoja ya tatu ambayo haikupewa uzito wake, nayo ni afya ya watu walio ndani na walio jirani na gereza.

Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa hutoa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika chumba chenye hewa nzito vitone hivyo huweza kuelea kwa saa kadhaa. Mwanga wa jua huwaua bakteria hao na upepo huwatawanya. Sasa fikiria chumba cha mahabusu kilichojengwa kwa watu ishirini, wakalazwa hamsini, mlango ukafungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Fikiria pia kwamba baadhi yao wana virusi vya UKIMWI, wengine wameingia wakiwa na njaa ya miezi, na mmoja anakohoa kwa wiki ya tatu lakini hajapimwa makohozi. Shirika la Afya Duniani linasema walioko magerezani wana hatari ya kuugua kifua kikuu inayozidi angalau mara kumi ile ya watu walio uraiani. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani, ingawa kwa miaka ya karibuni imepunguza sana maambukizi mapya, jambo ambalo wahudumu wetu wa afya wanastahili kusifiwa kwalo.

Ukuta hauzuii kikohozi. Askari anamaliza zamu anarudi kwenye nyumba za magereza, anambeba mwanawe. Mwanamke aliyeshtakiwa akiwa na mtoto anayenyonya huruhusiwa kuingia naye, na mtoto huyo analala katika hewa ileile, bila kosa na bila kesi. Mahabusu aliyeachiwa anapanda daladala hadi Msamvu, anakaa kwenye basi lililojaa watu, na jioni yuko kwao Kilosa, Ifakara au Gairo.

Kuna jambo moja la utaratibu ambalo wasomaji wengi hawalijui, nalo ndilo linalonitia hofu kuliko mengine. Dozi ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata kwa dawa mbili. Mgonjwa akikatisha katikati, bakteria walioathirika kidogo tu hubaki, na hao ndio huzaa kifua kikuu sugu, ambacho kukitibu ni kazi ndefu na ya gharama kubwa. Mfungwa mwenye hukumu ana tarehe ya kutoka. Daktari anaweza kuipanga dozi yake, akampa rufaa ya kwenda zahanati ya kwao. Mahabusu hana tarehe. Asubuhi anapandishwa kwenye karandinga kwenda mahakamani kama alivyopandishwa mara nyingi kabla, na siku hiyo mwendesha mashtaka anasimama kueleza kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na kesi. Anafunguliwa pingu na kuondoka pale pale. Kadi yake ya dawa iko gerezani. Ndugu zake wanamkumbatia na kumpeleka nyumbani, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba alikuwa mwezi wa tatu wa dozi. Yapo pia matukio yaliyoshuhudiwa na wengi ya mtu kuachiwa hivyo kisha akakamatwa tena mlangoni mwa mahakama na kupelekwa kituo kingine. Naye dozi yake imekatika vilevile.

Kesi kubwa hukaa muda mrefu kwa sababu nyingine pia. Uhaini na ugaidi husikilizwa na Mahakama Kuu, kwa hiyo hakimu wa kwanza hana mamlaka ya kuusikiliza utetezi. Mshtakiwa anaambiwa asijibu lolote. Kesi inatajwa tu, wiki mbili baada ya wiki mbili, na jibu la upande wa mashtaka linajulikana hata kwa watoto: upelelezi haujakamilika. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili mashtaka yasifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika. Lilikuwa jambo jema. Lakini makosa makubwa yakaachwa nje ya kinga hiyo, na ndiyo hasa yasiyo na dhamana.

Serikali zetu zimejaribu kupunguza msongamano kwa msamaha wa Rais. Desemba 9, 2019, akiwa Mwanza, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja, miezi michache baada ya kutembelea gereza la Butimba na kuzungumza na walioko ndani. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini msamaha ni wa aliyehukumiwa. Mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani hana cha kusamehewa, kwa hiyo aliyeiba na kukiri anatoka Siku ya Uhuru, na yule ambaye kwa mujibu wa Katiba bado ni mtu asiye na hatia anabaki chumbani. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa takriban nusu ya watu wote waliomo magerezani mwetu.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi zaidi ya miaka saba, kisha Juni 2021 mashtaka yakaondolewa bila kesi kusikilizwa hadi mwisho. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, akatoka Machi 4, 2022 kwa njia hiyohiyo ya kuondolewa mashtaka. Aliyemrithi katika uenyekiti, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini. Baada ya vurugu na mauaji ya siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, mamia ya watu, wengi wao vijana, walifikishwa katika mahakama za mikoa mbalimbali kwa kosa hilohilo la uhaini. Katikati ya Novemba Rais Samia Suluhu Hassan, akilihutubia Bunge, alivitaka vyombo vya sheria viwatazame kwa huruma vijana waliofuata mkumbo, na wengi wakaachiwa kabla mwezi haujaisha. Waliingia kwa kundi, wakatoka kwa kundi. Kama inawezekana kugundua ndani ya wiki nne kwamba kijana alifuata mkumbo tu, basi ingewezekana kuligundua hilo siku ya kwanza mbele ya hakimu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Wanaotetea kifungu hiki cha kuzuia dhamana wana hoja, na ni hoja iliyoandikwa kwa damu. Agosti 7, 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam liliua watu 11. Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, na mwezi uliofuata jingine katika mkutano wa CHADEMA kwenye viwanja vya Soweto. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja Kibiti, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji walikuwa wakipigwa risasi majumbani mwao. Mjane wa mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kuuliza kwa nini mtuhumiwa arudishwe mtaani akakutane na mashahidi. Sitaki mtu wa namna hiyo apewe dhamana. Ninachosema ni kwamba jaji akionyeshwa hata sehemu ya ushahidi wa Kibiti atamnyima mshtakiwa dhamana bila kuhitaji kufungwa mikono na Bunge. Kifungu kinachomzuia jaji hakiongezi usalama wowote katika kesi yenye ushahidi. Nguvu yake yote iko katika kesi isiyo nao.

Nayo misimamo mikali hailelewi na mahubiri peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliowahoji watu waliojiunga na makundi ya wapiganaji barani Afrika. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Mtu anayewaandikisha vijana huko Ruvuma au Mtwara hahitaji kubuni hadithi akiwa na mfano hai wa kijana aliyekaa miaka bila kesi na kurudi anatema damu.

Morogoro ina sababu yake ya kulifikiria hili. Aprili 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa katika mji huu, na baadaye nchi yetu ikawapa ardhi ya Mazimbu wakajenga shule ya Solomon Mahlangu. Kwa Pretoria watu hao walikuwa magaidi, na Marekani haikuliondoa jina la Nelson Mandela katika orodha yake ya watu wa kuchunguzwa hadi 2008. Mandela mwenyewe aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015, zimepewa jina lake, na zinataka aliyefungwa apate matibabu ya kiwango kilekile anachopata raia wa nje.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, mjini hapa, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi ambayo yameshachemshwa kuua bakteria. Panya mmoja hupitia sampuli mia kwa dakika ishirini hivi, na zile anazozitilia shaka hurudiwa maabara. Kila anayeingia mahabusu apimwe ndani ya siku zake za kwanza. Kadi ya dawa isafiri na mahabusu kwenye karandinga, mikononi mwa askari wa msafara, na nakala yake iwe kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, ili akiachiwa mahakamani atafutwe kesho yake. Hilo halihitaji sheria mpya. Waziri wa Mambo ya Ndani na Waziri wa Afya wakikubaliana linaweza kuanza.

Linalohitaji sheria ni kuwarudishia majaji mamlaka ya kuamua dhamana katika kosa lolote, na kuweka ukomo wa siku ambazo upelelezi unaweza kuendelea huku mtu yuko ndani, usiombagua mshtakiwa wa uhaini wala wa ugaidi. Wabunge wa Morogoro wana magereza mengi katika majimbo yao. Muswada huo ungefaa upelekwe Dodoma na mmoja wao.