Uliza Kabla ya Kutoa Fedha

Kila ukisha msimu wa karafuu twaona jambo moja likirudi. Mwanachama amepata fedha, huonyeshwa kiwanja, hutoa bei siku ile ile. Haupiti mwaka, ndugu za muuzaji hutokea kudai urithi wao, na nyumba imekwishafika linta.

Sisi twasema kosa si la muuzaji peke yake. Katika visiwa vyetu ardhi ni jambo moja na miti ni jingine: ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya yule. Basi uliza yote mawili. Uliza kama urithi umegawanywa, kwani mrithi mmoja hana haki ya kuuza fungu la wenziwe, na dada zake nao wamo. Uliza kama si wakfu. Na ikiwa ni katika eka tatu walizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964, jua kwamba zile mtu alipewa azilime, si auze viwanja.

Ipite mipaka pamoja na majirani, mwone sheha, kisha uulizie hati Kamisheni ya Ardhi. Nenda tena wakati wa masika, uone maji yapita wapi.

Wapo watakaosema huko ni kumdhania mwenzio vibaya. La, mwenye haki haogopi kuulizwa. Fedha ya karafuu twaipata kwa kupanda juu ya miti. Isipotee kwa kuona haya.